Kinyaa cha Nyumba ya Jiwe

Shule ya Mizungu Rinyangana,
nyuma ya Natta.
Jumapili, 11 Februari 2024

Shikamoo Shangazi,

Natumaini unaendelea vizuri hapo Nkende na mgahawa unajaa watu kama nilivyouacha. Msalimie binamu Simon, mwambie madaftari yangu ya zamani asiyachane kuwashia jiko. Mimi ni mzima, ila midomo imepasuka kwa upepo wa huku. Baba hajambo? Na mama, tumbo linasemaje? Siku naondoka Matongo alikula vipande viwili vya muhogo mkavu, pua ameiziba kwa kanga kama kawaida yake, akanisindikiza mpaka barabarani. Najua vidonda vya tumbo havina raha.

Simu zetu zimekusanywa getini siku ya kwanza, ndiyo maana nakuandikia. Barua anabeba Marwa, dereva wa pikapu inayopeleka mboga kambi za watalii. Akikumbuka zitafika, asipokumbuka zitaoza na nyanya zake.

Masomo ni mazuri, sitaki kudanganya. Tumeanza kukunja njia. Jana nimetoka mtoni hadi bwaloni kwa hatua tisa, kumbe ni nusu saa ya kutembea, ila nimefika visigino vinavuja damu. Mwalimu anasema damu itakoma mwezi wa nne.

Kinachonichosha ni nyumba. Ziko mbili, Jiwe na Mto. Unajua walivyotugawa? Siku ya kwanza tulipewa ugali na mlenda, tukaambiwa tule. Waliomega ugali kwanza wakawa Jiwe, waliochovya kidole kwenye mboga kwanza wakawa Mto. Basi. Kwa kidole tu, watu wanachukiana mpaka wanamaliza shule. Nilikuja kwenye gari moja na msichana wa Sirari, anaitwa Sheila Adhiambo, baba yake ni Mzee Oduol anayeuza nafaka hapa na ng'ambo. Tuligawana karanga njia nzima. Yeye ni mtu wa mboga, akaenda Mto. Mimi nikaenda Jiwe. Jioni ile ile dada mkuu wa nyumba yetu, Nchagwa, akaniambia nikionekana tena naongea na Mto nitalala nje.

Nyumba inayoshinda mwisho wa muhula inapewa kengele ya ng'ombe, kuukuu, imeshika kutu. Wenye kengele wanaoga kwanza, wengine wanaoga maji yanayobaki pipani. Kengele sasa iko kwetu. Shangazi, hawa dada zangu wakimaliza kuoga wanatema mate ndani ya pipa ndipo wanawaita Mto waje. Nimeona kwa macho yangu, na wanacheka. Nilichefuka mpaka sikula siku ile.

Bwaloni kuna ukuta wa majina ya walioipatia nyumba kengele. Upande wa Jiwe kuna Scholastica, 2001. Ni wewe? Hujawahi kuniambia ulikuwa nyumba gani. Mama naye alisoma hapa mwaka mmoja kabla hajaugua, ila hajawahi kunisimulia kitu.

Ni mimi mwanao,
Bhoke


Nkende, Tarime
3 Machi 2024

Mwanangu Bhoke,

Marahaba. Barua yako imenifikia jana ikiwa na doa la nyanya kubwa kama kiganja. Huyo Marwa nikimkamata nitamlisha hiyo nyanya na bahasha.

Sisi ni wazima. Simon amefukuzwa kwaya kwa kuchelewa, ameona ni likizo. Mgahawa unaenda, ila dagaa wamepanda bei na wateja hawataki kusikia. Jumatano nilikwenda Matongo na chungu cha kuku kwa ajili ya mama yako. Wifi Mogesi alinipokea vizuri, akanishukuru, akala vijiko vitatu ameziba pua, akasema ameshiba. Kaka yangu Heche, baba yako, akamalizia. Ndivyo hivyo, hakuna jipya. Baba yako anasema amesikia kuna daktari Musoma, labda watakwenda.

Nimefurahi unakunja njia. Paka mafuta ya ng'ombe kisiginoni, usisikilize habari za mwezi wa nne.

Mambo ya nyumba achana nayo. Tema mate upande wako, ondoka. Soma, faulu, urudi. Na nakuambia jambo moja uliweke kichwani: usimlishe mtu chakula kwa mkono wako hapo shuleni, na usilishwe. Hata rafiki. Hasa rafiki. Kula sahani yako, osha, weka.

Nakutumia sabuni mbili na mafuta. Ukiona barua ina harufu ya vitunguu, ujue nimeiandikia jikoni.

Shangazi yako,
Scholastica


Rinyangana
Jumapili, 24 Machi 2024

Shikamoo Shangazi,

Asante kwa sabuni. Mafuta yalivuja lakini nimekamua kwenye bahasha nikapaka, damu imepungua. Leo ni Jumapili ya Matawi, tumeimba kidogo, kila nyumba ikaimba wimbo wake kwa wakati mmoja ili kuwazidi wenzao kelele. Hata Mungu wanamgombania. Nawatakia Pasaka njema hapo Nkende na Matongo. Daktari wa Musoma amesemaje kuhusu mama?

Barua yako ilinikuta imechelewa. Ilifika tarehe ishirini. Ingefika mapema ingekuwa vizuri zaidi.

Sheila anaumwa. Yule wa Sirari. Ni wiki mbili sasa. Chakula chochote akikisogeza mdomoni anasema kinanuka mzoga. Walimpikia samaki, yeye mtu wa samaki, akatapika kabla hajaonja. Maziwa anasema yananuka usaha. Amekonda, shingo imekuwa nyembamba, na kukunja njia hawezi tena kwa sababu hana nguvu, wakati yeye ndiye aliyekuwa anaongoza shule nzima. Alikuwa anatoka Natta mpaka hapa kwa hatua nne na visigino vikavu.

Nyumba yetu ya Jiwe wanashangilia. Wanakiita kinyaa. Mtu ametiwa kinyaa. Nchagwa anazunguka anasema Mto wameishiwa samaki. Nikiwaangalia wanavyokula wakimtazama, wakipitisha minofu ya samaki mbele ya pua yake, nasukuma sahani yangu pembeni. Watu wakubwa hawa, si watoto.

Nilikwenda kwa mwalimu wa zamu. Akaniuliza wewe ni nyumba gani, nikasema Jiwe. Akasema, sasa unalia nini, mambo ya nyumba yanaishia nyumbani.

Nilikuwa nauliza tu, Shangazi. Wewe uliyesoma hapa, kinyaa kinafunguliwaje? Nataka kujua kwa ajili ya kujua.

Bhoke


Nkende
7 Aprili 2024

Bhoke,

Tumesherehekea Pasaka salama. Baba yako alichinja mbuzi, watu wakala kichuri, ule mchuzi mchungu wa utumbo, mama yako alijifungia chumbani mpaka harufu iishe. Musoma hawakwenda. Hiyo ndiyo habari ya nyumbani, tuingie kwenye jambo lenyewe.

Umeniandikia ukurasa mzima. Umeniambia nani anashangilia, nani anapitisha minofu, mwalimu amesema nini. Hukuniambia kinyaa kilitiwa na mkono wa nani. Mimi napika kwa watu miaka kumi na tano, mtu akinielezea mchuzi wote akaacha chumvi, najua chumvi ndiyo aliyoiiba.

Na hiyo ya kujua kwa ajili ya kujua usiniletee. Sijazaliwa jana.

Kwa sasa huyo mtoto wa Oduol asilazimishwe samaki wala maziwa, mtamuua. Mpeni muhindi wa kuchoma uliokaukia motoni, na muhogo mkavu usio na chumvi, uliopoa kabisa. Kitu cha moto kina harufu. Azibe pua kwa kitambaa kilichokaa kwenye moshi, atafune haraka, ameze bila kunywa maji. Ataishi. Hatafurahi, ila ataishi.

Nijibu nilichokuuliza.

Scholastica


Rinyangana
Jumapili, 21 Aprili 2024

Shikamoo Shangazi,

Huku tuko salama. Mvua zimeanza, nyasi zimepanda, nyumbu wameanza kupita upande wa mto, wanalia usiku na mchana. Msalimie Simon.

Nitajibu ulichouliza. Ni mkono wangu.

Nchagwa na wenzake walichukua mafuta ya mzoga wa nyumbu, wakayafukia siku tatu kwenye kichuguu, wakanipaka chini ya kucha. Walinichagua mimi kwa sababu Sheila asingekubali tonge la mtu mwingine wa Jiwe. Tulikuwa tunakutana kwa siri nyuma ya jiko kila Alhamisi, yeye ananifundisha visigino, mimi namchekesha. Wakasema nikikataa watamwambia mwalimu kuwa natoa siri za nyumba, nifukuzwe, na baba yangu ameuza ng'ombe wawili kunileta hapa. Nikaona ni kichefuchefu cha siku mbili, kitapita. Nikamega ugali, nikachovya mboga kwanza kama anavyopenda yeye, nikamwambia fungua mdomo. Akafungua anacheka. Nikasema moyoni yale maneno waliyonifundisha.

Najichukia. Kucha nimezikata mpaka nyama na bado nazinusa.

Sasa na mimi nina swali. Nilimpelekea Sheila muhogo mkavu kama ulivyosema, uliopoa, bila chumvi. Nikampa kitambaa cha moshi. Akaziba pua, akatafuna haraka, akameza bila maji. Nikawa nimekaa namtazama. Shangazi, hivyo ndivyo anavyokula mama. Vile vile, hata namna ya kugeuza uso. Nimemwona tangu nikiwa mtoto, nikaambiwa ni vidonda. Mama hana vidonda.

Nani alimtia mama kinyaa? Na jina la ukutani, Scholastica 2001, nilikuuliza mwezi wa pili, hujanijibu mpaka leo.

Sheila bado hajui kwamba ni mimi. Ananishukuru kwa muhogo. Baba yake anakuja kumchukua tarehe ishirini Mei ampeleke kwa ndugu zao Migori wakamtafutie hospitali, na wakishavuka mpaka wa Kenya sitamwona tena. Nchagwa anasema kinyaa hakifunguki, kikishaingia kimeingia.

Kama unajua, niambie kabla ya tarehe hiyo. Usinitumie sabuni.

Bhoke


Nkende
Jumatano, 8 Mei 2024

Mwanangu,

Barua yako ilifika tarehe ishirini na tisa. Siku tisa hizi nimekuwa naichukua karatasi, naandika salamu, naichana. Simon ananiuliza kama nimekopa mtu. Leo sisalimii, nikisalimia nitaichana tena.

Kinyaa kinafunguka. Nchagwa wako ni mwongo au ni mjinga. Aliyetia ndiye anayefungua. Unakwenda kwa uliyemtia, unamwambia ni mkono wako. Yeye anaweka tonge mdomoni, analitafuna, analitoa, anakuwekea kiganjani kwa hiari yake. Wewe unakula. Unameza lote, hutemi, hutapiki. Ukitapika umeharibu. Ndiyo kufungua kwenyewe. Nilielezwa na mpishi wa enzi zetu, mama mmoja wa Kiikoma. Alisema hata zamani koo zikipatana baada ya kuuana, wanawake walibadilishana watoto wakanyonyesheana, maana huwezi kuendelea kumwona mtu ni uchafu wakati kilichotoka mwilini mwake kimeingia kwako.

Ulichouliza kuhusu ukuta. Ndiyo, ni mimi. Nilimega ugali kwanza.

Mogesi alikuwa Mto. Tulitoka shule moja ya msingi, tukaingia Rinyangana siku moja. Alikuwa anaita mvua kama mtu anavyoita kuku, bila jasho. Tulikuwa tunaelekea kupoteza kengele. Dada mkuu wetu alinipaka kucha, mimi sikulazimishwa hata kidogo, usidhani nililia kama wewe. Nilimlisha ugali na kichuri, nikamwona anameza, nikajisikia mjanja. Mvua haikuja siku ya mashindano. Tukachukua kengele, wakaandika jina langu, nikaoga kwanza mwaka mzima.

Mpishi alinieleza namna ya kufungua siku mbili kabla Mogesi hajarudishwa kwao. Siku mbili nilikuwa nazo. Nilikwenda mpaka mlango wa nyumba ya Mto, nikamkuta ameinamia bakuli, mate yanamtoka, tonge limemkwama shavuni. Nikawaza kulila lile. Bhoke, nikaona kinyaa. Mimi niliyemtia mwenzangu, nikaona kinyaa, nikageuza. Hakujua ni nani. Alijua tu ni Jiwe. Na kiapo cha shule kilimkataza kusema nyumbani, akasema vidonda, na mpaka leo anasema vidonda.

Sasa sikiliza ujinga wangu mwingine, mkubwa kuliko wa kwanza. Nilipoolewa, ng'ombe kumi na wawili wa mahari yangu wakaingia bomani kwetu, na Heche akawa anatafuta mke. Nikamwambia amwoe Mogesi. Watu walishangaa, msichana amekonda hivyo, hali, utamzika mapema. Nikashikilia. Nilisema moyoni, akiwa wifi yangu nitakuwa naye karibu, nitampikia, na siku moja tukiwa jikoni tunacheka nitamwambia kwa utani anipe tonge lake, atanipa, nitakula, yataisha bila mtu kujua.

Unajua sisi tulivyo. Mke aliyeolewa kwa ng'ombe za dada wa mumewe anamheshimu huyo dada kuliko mama mkwe. Hanipi kikombe alichogusa. Nikiingia, sahani yake imeshaoshwa. Kunipa mimi kitu kilichotoka mdomoni mwake ni kunitukana mimi na boma zima, watu wangemrudisha kwao. Miaka ishirini nakwenda pale na vyungu, sijawahi kuona hata punje ya ugali wake. Ningemwoza kwa mtu mwingine yeyote ningeweza kumwendea kama rafiki. Nilijifungia mlango kwa ng'ombe zangu mwenyewe, halafu nikawa najisifu kuwa wifi mwema anayeleta kuku.

Wewe huna ng'ombe katikati yenu. Una Sheila, una kiganja, na una mpaka tarehe ishirini. Usifike mlangoni ukageuza.

Nimempa Marwa barua hii mkononi, nikamwapiza.

Scholastica


Rinyangana
Jumapili, 19 Mei 2024

Shikamoo Shangazi,

Barua ilifika Ijumaa saa nne asubuhi, Marwa ameileta mpaka getini mwenyewe, akasema wewe ni mama wa kutisha. Mimi ni mzima wa mwili.

Nilifanya siku ile ile, chakula cha mchana. Nilitaka kumwita nyuma ya jiko. Nikawaza nikimpeleka nyuma ya jiko nitageuza. Nikavuka bwalo nikaenda kukaa meza ya Mto, na tangu shule ianze hakuna mtu wa Jiwe aliyekaa pale. Kelele zikakatika. Sheila alikuwa na muhogo wake na kitambaa. Nikamwambia, Sheila, kinyaa nilikutia mimi, lile tonge la Alhamisi, mkono wangu huu.

Hakupiga kelele. Aliuliza, "Ni wewe?" Nikasema ni mimi. Akauliza, "Na muhogo pia ulikuwa wako?" Nikasema ndiyo.  Nikamweleza cha kufanya. Akasema, "Sawa, lakini si muhogo. Leta samaki."

Wakaleta kichwa cha samaki na ugali. Akaondoa kitambaa puani. Machozi yalikuwa yanamtoka kwa ile harufu anayoisikia yeye, koo linamruka, lakini akatafuna. Alitafuna taratibu makusudi. Kisha akalitoa akaniwekea kiganjani. Lilikuwa la vuguvugu, laini, limechanganyika na ute. Nikaliweka mdomoni.

Shangazi, kumbe unaonja kile anachoonja yeye. Hilo hukuniambia, au mpishi hakukuambia. Ulikuwa mzoga. Mzoga wenye funza, mdomo mzima, mpaka kwenye masikio. Nikafikiri, huyu amekula hivi miezi miwili. Halafu nikafikiri mama. Nikameza. Likarudi, nikalishika kooni, nikameza tena. Sikutapika.

Sheila alishika kile kichwa cha samaki akakinusa. Akakinusa tena. Akaanza kula, na hakuinua uso mpaka akamaliza na mifupa akainyonya. Akala na cha jirani yake. Mto walikuwa wanalia, wengine wanacheka. Alipomaliza alinawa mikono, akaniambia, "Asante sikupi." Akatoka. Tangu hapo hajanisemesha, na sina haki ya kumlaumu. Kesho baba yake anakuja, atamkuta anakula.

Nchagwa alinitemea mate usoni pale pale bwaloni. Jiwe wametupa godoro langu nje. Mto hawanitaki pia. Mpishi wa sasa amenipa nafasi stoo kwenye magunia ya mahindi, nalala vizuri kuliko nilivyolala tangu Machi. Kengele itakwenda Mto, waache watemeane.

Shule inafungwa tarehe thelathini na moja. Siku hiyo nitakuwa Matongo kwa mama. Sitaweza kukaa naye meza moja nikijua, nikanyamaza. Sasa naijua ladha ya kile anachokula. Uliniambia nisigeuze mlangoni. Wewe uko mlangoni tangu mwaka 2001.

Nitafika Ijumaa. Kama hutakuwa umemwambia, nitamwambia mimi.

Bhoke


Matongo
Jumatano, 29 Mei 2024

Mwanangu Bhoke,

Marahaba. Usishangae anwani, niko kwenu. Mgahawa nimemwachia Simon, bila shaka anawalisha watu ugali mbichi. Baba yako ni mzima. Ng'ombe mwekundu amezaa. Mama yako yupo, nitakueleza.

Barua yako nilipoisoma nilikasirika kwanza. Mtoto niliyemnunulia sare ananiwekea tarehe. Nikaisoma tena pale uliposema uliinuka ukavuka bwalo, nikafunga mgahawa.

Nilifika Alhamisi asubuhi. Nikasubiri Heche atoke na ng'ombe, nikamwambia Mogesi tuingie jikoni, nikafunga mlango na komeo. Nikapiga magoti, wifi mtu naye akashtuka akataka kuniinua, nikamkataza. Nikamwambia yote. Kucha, kichuri, mlango niliogeuza, ng'ombe kumi na wawili. Nikamwambia sasa nipe tonge, tuko wawili tu, hakuna atakayejua kuwa umenipa, heshima yako iko palepale.

 Mama yako akachukua ugali uliokuwa chunguni, akauweka mdomoni bila kuziba pua. Akatafuna, ananitazama. Nikatega kiganja. Akautazama mlango uliofungwa. Akameza.

Akasema, "Mbele ya wasichana wa Jiwe nilitapika nikiwa na miaka kumi na saba, bwalo zima linaangalia. Wewe unataka kula gizani. Fungua mlango."

Sikufungua, mwanangu. Nilitoka kwa mlango wa nyuma, nikalala kwa jirani. Nakuandikia hivi ujue nilivyo.

Ijumaa jioni nilirudi. Heche alikuwepo, na wazee wawili wa ukoo, na majirani waliokuja kuona ndama. Nikasimama uani nikasema yote tena, kwa sauti. Nikasema kwamba Mogesi akinipa kilicho mdomoni mwake si tusi, ni mimi ninayeomba, na ng'ombe wangu wasihesabiwe katika jambo hili. Wazee walinitazama kama mtu aliyekojoa kanisani. Baba yako alichukua fimbo yake akaenda kwa ng'ombe, na mpaka leo hajanisalimia. Nilimwoza mke mgonjwa nikijua ugonjwa wake, ana haki.

Mogesi akaletewa ugali. Akatafuna mbele ya wote. Mimi nimetega kiganja.  Akatafuna mpaka nikadhani ndio sasa. Akameza tena.

Nikamwuliza, wifi, mbona nimefungua mlango? Akasema, "Miaka ishirini na mitatu nimemeza, na miaka ishirini kati ya hiyo nimekushukuru kwa kuku. Nilikuwa nameza uozo, nasema asante wifi. Nilimshuku kila msichana wa Jiwe, nikakuacha wewe kwa sababu ulikuwa unanipikia. Sitakupa leo. Njoo kesho."

Wazee walimwambia amalize, anajiumiza mwenyewe. Akawaambia anaijua ladha yake kuliko wao, haimuui. Akasema siku atakayonipa itakuwa kwa kutaka kwake, si kwa sababu mimi nimechoka kujisikia vibaya. Sijawahi kumsikia mama yako akisema maneno mengi hivyo.

Nimekwenda Jumamosi. Amemeza. Jumapili baada ya ibada, amemeza. Jumatatu, jana, leo. Kila siku nakaa chini mbele yake na kiganja wazi, watoto wa majirani wanakuja kutazama, yeye anakula bila kitambaa, ananikazia macho. Leo alilitoa mpaka kwenye midomo. Nikaliona, nikaona kinyaa kile kile cha mwaka ule, na nadhani alikiona usoni mwangu. Akalirudisha.

Marwa anaondoka na barua hii leo hii, nimemwapiza tena. Ukifika keshokutwa usimwombe anihurumie. Usimshike mkono, usimwambie wewe ulivyofanya kwa Sheila. Kesho nitakwenda tena, na siku inayofuata, na mgahawa ukifa ufe. Nikimaliza kuona kinyaa ataona. Mpaka hapo mwache mama yako atafune.

Shangazi yako,
Scholastica